Sarafu ya Tabora yarudishwa baada ya siku 47: muuzaji afanye nini?

NENO hela, ambalo kila mtu hulitamka sokoni, asili yake ni sarafu ndogo ya Wajerumani iliyoitwa heller. Kuanzia mwaka 1904 heller 100 zilifanya rupia moja katika koloni la Afrika Mashariki ya Kijerumani. Ilipofika mwaka 1916, Vita ya Kwanza ya Dunia ilikuwa imeifunga bahari na hakuna meli iliyoweza kuleta fedha kutoka Ujerumani. Ndipo sarafu zikapigwa Tabora kwenyewe, katika karakana ya reli: heller tano za shaba ya njano, heller 20 za shaba ya njano na za shaba nyekundu, na rupia 15 za dhahabu zenye picha ya tembo. Zote zina mwaka 1916 na herufi T, yaani Tabora. Septemba 19 mwaka huohuo majeshi ya Wabelgiji yaliuteka mji, na kazi hiyo ikaishia hapo.

Leo vipande hivyo vya shaba vinatafutwa na wakusanyaji wa sarafu, hasa wa Ulaya na Marekani. Mtu mwenye simu, picha nzuri na uvumilivu anaweza kumuuzia mnunuzi ambaye hatamwona maishani. Lakini kuuza ni nusu ya kazi. Nusu nyingine huanza pale mnunuzi anapoandika kwamba anataka kurudisha mali, tena wakati muuzaji amekwisha kuisahau.

Tuchukue mfano wa muuzaji wa kata ya Cheyo, mjini Tabora. Shughuli yake kubwa ni kilimo cha mahindi na duka dogo la vifaa, na sarafu za zamani ni biashara ya pembeni. Anamuuzia mkusanyaji aliyeko Ujerumani heller 20 moja kwa, tuseme, Sh90,000, gharama za posta zikiwa juu ya mnunuzi. Mzigo unafika na mnunuzi anakaa kimya. Fedha inaingia kwenye mbolea. Siku ya 47 tangu mzigo upokelewe, ujumbe unaingia kwenye simu: sarafu inaonekana ni ya bandia, mnunuzi anataka kuirudisha na kurejeshewa fedha yake yote.

Hapa wauzaji wengi hugawanyika makundi mawili. Wapo wanaojibu kwa hasira kwamba mali ikishauzwa hairudi, kama yalivyo maandishi yanayobandikwa juu ya kaunta za maduka mengi. Wapo wanaoogopa kuharibiwa jina, wakatuma fedha jioni ileile. Makundi yote mawili hufanya haraka, na kosa lao ni moja: hawajauliza mali inarudishwa kwa sababu gani. Kuchelewa kunaua baadhi ya sababu. Nyingine hakuziui hata kidogo.

Sababu kwanza, kalenda baadaye

Mnunuzi aliyebadili nia tu, aliyeona sarafu nyingine ya bei nafuu au aliyegombana na mkewe kuhusu matumizi, hana hoja akija siku ya 47 iwapo tangazo lilisema mali hurudishwa ndani ya siku 14. Muuzaji anaweza kumkatalia kwa adabu na asikose usingizi.

Ni tofauti kabisa na mnunuzi anayesema alichopokea sicho kilichoelezwa. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa ya Tanzania, Sura ya 214, inasema bidhaa inayouzwa kwa maelezo lazima ilingane na maelezo hayo. Ukiandika kwamba hii ni heller 20 iliyopigwa Tabora mwaka 1916, unauza heller 20 iliyopigwa Tabora mwaka 1916, na si kipande kinachofanana nayo. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, inayosimamiwa na Tume ya Ushindani, nayo inakataza mwenendo wa kibiashara unaopotosha au kumdanganya mlaji. Kibao cha kaunta hakimsafishi mtu aliyeeleza mali yake kwa uongo.

Hata hivyo, sheria hiyohiyo ya mauzo haimwachii mnunuzi mlango wazi milele. Mnunuzi huhesabiwa kuwa ameikubali bidhaa akisema ameikubali, akiifanyia jambo ambalo ni la mwenye mali tu, au akikaa nayo kwa muda wa kutosha bila kumwarifu muuzaji kwamba anaikataa. Muda wa kutosha ni siku ngapi? Sheria haikutaja. Inategemea bidhaa na mazingira yake. Ndoo ya asali hufunguliwa na kuonjwa siku ileile, hivyo anayekuja kulalamika baada ya miezi miwili kwamba imechacha ana kazi ya kueleza alikuwa akiihifadhi vipi. Sarafu hupimwa uzito jioni moja, lakini kupata mtu wa kuitambua kwa uhakika kunaweza kuchukua wiki kadhaa.

Ipo kesi moja ya Uingereza ambayo kila muuzaji wa vitu vya ukumbusho angefaa kuijua. Mwaka 1944 mtu mmoja alinunua mchoro kutoka kampuni ya International Galleries kwa pauni 85, akiwa ameelezwa kwamba ulichorwa na John Constable, mchoraji mashuhuri wa Kiingereza. Miaka mitano baadaye alipotaka kuuza aliambiwa kwamba mchoro haukuwa wa Constable. Akadai kurudisha mchoro na kurejeshewa fedha yake. Mwaka 1950 Mahakama ya Rufaa, Jaji Denning akiwa mmoja wa majaji, ilimkatalia. Alikuwa amekaa na mchoro ukutani miaka mitano, na haki ya kuurudisha ilikuwa imekwisha. Lakini majaji walionyesha pia kwamba angeweza kudai fidia kwa kuvunjwa kwa ahadi ya muuzaji, ila hakuwa ameiomba.

Uamuzi huo haufungi mahakama za Tanzania. Lakini sheria yetu ya mauzo ilichotwa kutoka ile ya Uingereza ya mwaka 1893, na funzo lake linaeleweka hata kwa asiye mwanasheria: kupoteza haki ya kurudisha si sawa na kupoteza madai yote. Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Ukomo inatoa miaka sita kwa madai ya kawaida yanayotokana na mkataba. Kwa hiyo muuzaji wa Cheyo anayejisifu kwamba siku 30 zimepita na ameshinda, huku akijua moyoni kwamba sarafu ilikuwa ya bandia, hajashinda.

Saa za mnunuzi si saa za muuzaji

Aidha, anayeuza nje ya nchi hana budi kujua kwamba mnunuzi ana kalenda zaidi ya moja. Katika soko la eBay, mnunuzi ana siku 30 tangu mali ifike kulalamika kwamba hailingani na maelezo, hata kama muuzaji ameandika kwamba harudishiwi mali. Muuzaji hupewa siku tatu za kazi kujibu. Anayenyamaza huamuliwa bila kusikilizwa. Aliyelipa kwa PayPal ana siku 180 tangu tarehe ya malipo kufungua mgogoro. Aliyelipa kwa kadi ya benki anaweza kuiomba benki yake iyavute malipo hayo, mara nyingi ndani ya siku 120. Na katika nchi za Umoja wa Ulaya, mlaji anayenunua kwa mbali kutoka kwa mfanyabiashara ana siku 14 za kughairi bila kutoa sababu yoyote. Asipoarifiwa haki hiyo, muda huongezwa kwa miezi 12. Kama sheria hiyo inaweza kumfikia muuzaji aliyeko Tabora ni suala la wanasheria. Lakini mnunuzi wa Ujerumani anakuja na mazoea hayo, na anayemwuzia afadhali aandike masharti yake mapema kwa lugha anayoielewa.

Nchini, Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 nayo ina sehemu inayomlinda mlaji anayenunua kwa mtandao. Anayeuza kwa WhatsApp, Instagram au Facebook na kulipwa kwa simu asidhani yuko nje ya sheria kwa sababu hakutoa risiti.

Kwa mfano wetu basi, siku ya 47 imepita siku 30 za soko, haijafika 120 za kadi wala 180 za PayPal. Muuzaji anayekataa kwa jeuri anaweza kukuta wiki inayofuata fedha imezuiwa na benki iliyo mbali, na maelezo yake yanatakiwa kwa Kiingereza ndani ya siku chache.

Sarafu mbaya si lazima iwe bandia

Sasa turudi kwenye lalamiko lenyewe, maana hapa ndipo muuzaji mkweli anaweza kuonewa. Sarafu za Tabora zilipigwa kwa haraka, wakati wa vita, kwa vifaa vya karakana ya garimoshi. Nyingi zina maandishi hafifu upande mmoja, taji lililopinda au ukingo usio sawa. Mkusanyaji aliyezoea sarafu safi za Berlin huiona ya Tabora akadhani imetengenezwa uani kwa mtu. Ubaya wake ni sehemu ya historia yake.

Tena, heller 20 zilipigwa kwa mihuri iliyochongwa kwa namna tofauti, na wakusanyaji huzigawa kwa maumbo ya taji na ya herufi. Aina moja inaweza kuwa na bei kubwa kuliko nyingine. Muuzaji asiyejua aina aliyonayo asiitaje. Wengi hunakili maelezo ya tangazo la mtu mwingine, kisha wiki saba baadaye wanaandikiwa kwamba aina iliyotajwa siyo. Hapo mnunuzi ana haki, hata kama sarafu ni halali kabisa.

Za bandia pia zipo, hasa za ile rupia 15 ya dhahabu. Za halali zilipigwa 16,198 tu, kila moja ikiwa na uzito wa gramu 7.17 hivi na dhahabu ya robo tatu. Kipande kinachouzwa kwa bei ya chee kwa sababu mwenyewe ana shida ya haraka kinapaswa kumtia mtu shaka kabla hajafungua pochi. Sarafu ya kumiminwa kwenye kalibu mara nyingi huwa na vitundu vidogo usoni na mstari wa maungio kwenye ukingo. Mizani ya sonara na kioo cha kukuzia vinamaliza mabishano mengi, na sonara hukataa mara chache kupima kipande kimoja kwa mteja anayemsalimu vizuri.

Dawa ya yote haya hutengenezwa kabla ya kutuma. Piga picha pande zote mbili na ukingo, mchana, bila taa ya simu. Piga nyingine sarafu ikiwa juu ya mizani, tarakimu zikisomeka. Andika alama zake: mkwaruzo chini ya tarakimu 20, doa la kijani karibu na T. Kila sarafu ya zamani ina makovu yake kama uso wa mtu. Picha hizo zitunzwe miezi sita, zisifutwe simu ikijaa. Maana upo ulaghai wa kawaida wa kubadilisha: mnunuzi ana sarafu mbovu nyumbani, ananunua nzuri kwako, anakurudishia ile mbovu. Bila picha, ni neno lako dhidi ya lake.

Na sarafu isisafishwe. Majivu, ndimu, mchanga na dawa ya meno huondoa rangi ya miaka mia moja ambayo ndiyo wakusanyaji wanailipia. Anayesafisha kabla ya kuuza amejipunguzia bei, na akinyamaza ameficha jambo. Mnunuzi anayesafisha kisha akataka kurudisha naye amefanya jambo la mwenye mali. Hapo muuzaji ana sababu nzuri ya kumkatalia, awe amewahi au amechelewa.

Jibu la siku ya 47

Mtu wa Cheyo aandike nini? Jibu fupi, lenye heshima, lisilokiri wala kukataa, na lipite palepale mauzo yalipofanyikia. Kwa mfano: "Ndugu mteja, nimepokea ujumbe wako na nasikitika kwamba hukuridhika. Mzigo ulipokelewa siku 47 zilizopita na muda wa kurudisha ulikuwa siku 14. Hata hivyo, kwa kuwa unasema sarafu si halali, naomba picha za pande zote mbili na ukingo, uzito wake, na maelezo ya aliyeikagua. Nikiona hailingani na nilivyoeleza, nitaipokea na kurejesha fedha yako baada ya kuikagua."

Jibu hilo linamtenga aliyebadili nia na aliyeonewa kweli. Wa kwanza, akitakiwa kupima na kupiga picha, mara nyingi hupoa. Wa pili hutuma picha siku hiyohiyo. Zikilinganishwa na za muuzaji, jambo hujulikana kabla ya gharama yoyote. Ikiwa tatizo ni dogo, tuseme aina ilitajwa vibaya lakini mnunuzi bado anaipenda, kumrudishia sehemu ya bei ni nafuu kwa wote kuliko kuisafirisha tena hadi Tabora.

Fedha isirudishwe kabla mali haijafika na kukaguliwa. Irudi kwa njia ileile iliyokuja. Mtu aliyelipa kwa kadi kisha akaomba arudishiwe kwenye namba ya simu ya "shemeji yake" anatengeneza mtego: atachukua ya simu, halafu benki imrudishie ya kadi. Vivyo hivyo, ikiwa mnunuzi ameshafungua mgogoro kwa benki au PayPal, muuzaji asitume fedha pembeni kwa kuona huruma. Amalizie humohumo, la sivyo atalipa mara mbili.

Nauli ya kurudisha nayo izungumzwe mapema. Kosa likiwa la muuzaji, ni haki ailipe yeye. Mnunuzi akiwa amebadili nia na muuzaji amemkubalia kwa hisani tu, alipe mnunuzi. Kanuni za Umoja wa Posta Duniani hazitaki sarafu ziwekwe kwenye barua ya kawaida. Zinatakiwa ziwe katika mzigo wenye bima au, inaporuhusiwa, uliosajiliwa. Anayetupa sarafu kwenye bahasha ili kuokoa shilingi elfu chache hana pa kushika ikipotea, wakati wa kwenda au wa kurudi. Mzigo unaorudi uandikwe kwamba ni bidhaa iliyorudishwa, na nakala ya fomu ya kwanza ya forodha iwepo, muuzaji asije akadaiwa ushuru kwa mali yake mwenyewe.

Jambo la forodha linafungua jingine. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda mali za kale na vitu vya asili vya utamaduni, na kuviuza au kuvitoa nje kunahitaji kibali. Sarafu ya 1916 si jiwe la kale wala kiti cha mtemi, lakini anayeuza vitu vya aina hii aiulize Idara ya Mambo ya Kale kabla, na kwa kipande cha dhahabu awaulize pia watu wa madini na forodha. Mzigo uliotoka kimyakimya ukirudi unapita tena mbele ya macho yaleyale.

Mbolea imeshanunuliwa

Kinachowaumiza wauzaji wadogo kuliko sheria zote ni kwamba fedha haipo. Sh90,000 ilikuwa mbolea siku ya tatu. Ndiyo maana mtu hukataa hata pale anapojua amekosea. Hana cha kurudisha.

Wafanyabiashara wa misafara waliijua shida hii kwa namna yao. Bagamoyo hadi Tabora ilikuwa safari ya miezi. Richard Burton na John Speke waliofika Novemba 1857 walitumia zaidi ya miezi minne. Shanga ndizo zilizokuwa fedha za njiani, na kila nchi ilikuwa na rangi iliyoipenda kwa msimu huo. Aliyepewa kwa mkopo na matajiri wa Unguja shanga ambazo fasheni yake ilikuwa imepita alizikuta hazina mnunuzi, na kuzirudisha pwani kulimaanisha kuwalipa wapagazi upya. Hasara ya kurudisha mali iliwekwa kwenye bei tangu mwanzo.

Muuzaji wa sarafu naye aihesabu mapema. Njia rahisi ni kutoigusa fedha ya mauzo ya nje kwa siku 30 za mwanzo, na baada ya hapo kuacha sehemu yake, tuseme moja ya tano, kwenye akaunti au kibubu cha simu hadi siku 180 zipite. Mtu mwenye mauzo manne kwa mwezi atajikuta na akiba ya kumrudishia mteja mmoja bila kuuza kuku.

Upo pia upande wa mkulima aliyeiuza sarafu hiyo mwanzo. Tuseme jembe lake liliigonga shambani, akaipeleka Cheyo na kulipwa Sh15,000. Mteja wa Ujerumani akisema ni ya bandia, je, mchuuzi amfuate mkulima? Mkulima hakueleza chochote. Alisema tu kwamba ameokota hela ya Mjerumani. Aliyeiandika kuwa heller 20 ya Tabora ni mchuuzi, na aliyepata faida kubwa ni yeye. Kumfuata mzee wa watu shambani kudai Sh15,000 ni kujifungia mlango wa sarafu nyingine zote za kijiji kile, maana habari hutembea haraka kuliko baiskeli. Afadhali wakubaliane mapema: mzee alipwe kiasi sasa, na nyongeza baada ya siku 30 mteja akinyamaza. Wazee wengi wataikubali hesabu hiyo wakielezwa vizuri, na shikamoo ikitangulia.

Sarafu ikirudi Cheyo, ifunguliwe mbele ya shahidi, ipigwe picha ikiwa bado ndani ya bahasha, ipimwe tena kwa sonara yuleyule na ilinganishwe kovu kwa kovu na picha za awali. Ikiwa ni ileile na ni ya bandia, fedha irudishwe siku hiyohiyo na sarafu isiuzwe tena kwa mtu mwingine kama ya halali. Ikiwa ni ileile na ni halali, mnunuzi apewe picha na uzito, achague kuipokea tena kwa nauli yake au warejee makubaliano yao. Na ikiwa si ileile, muuzaji azitume picha zote mbili kwa soko au benki siku hiyo, kabla siku tatu za kujibu hazijapita.